Anza na Waya: Maneno kwa Wenye Kumbi na Mafundi Mitambo wa Mwanza

Mwangaluka, ndugu zangu! Nawasalimu wenye kumbi na mameneja wenu, wachungaji na mapadri, wazee wa kamati za ujenzi, walimu wa kwaya, viongozi wa bendi, baba zetu wa vikundi vya ngoma mliotoka Kisesa na Magu, na ninyi mafundi mitambo wenzangu. Asanteni kwa kuacha shughuli zenu mkaja kusikiliza habari za waya.

Nimeombwa nizungumzie mitambo ya sauti ya kidijitali inayounganishwa kwa mtandao, maana kumbi nyingi zinazojengwa au kukarabatiwa hapa mjini sasa zinaitaka. Nina jambo moja la kusema, na muda wangu mwingi nitautumia kulitetea: fedha ya sauti ianze kutumika kwenye waya, swichi (kile kisanduku kinachounganisha vifaa vya mtandao), umeme na fundi. Mikisa, yaani meza za kuchanganyia sauti, na spika zifuate. Sisi tunakwenda kinyumenyume, na ndiyo maana ukumbi unaweza kuwa na mikisa ya mamilioni na bado sherehe ikaharibika saa tatu usiku, bibi harusi ndiyo kwanza anaingia.

Mnajua inavyokuwa. Kamati inakaa, watu wanachanga kwa moyo, wajumbe wawili wanatumwa Dar es Salaam au Nairobi. Wanarudi na mikisa yenye skrini na vitelezeshi vinavyojisogeza vyenyewe. Waumini wanapiga vigelegele, na wana haki, fedha ni yao. Zikibaki siku mbili kabla ya uzinduzi ndipo mtu anakumbuka kwamba kati ya jukwaa na meza ya fundi kuna mita sitini. Kijana anapanda bodaboda kwenda mjini kununua "waya wa intaneti", na anaambiwa atafute wa bei nafuu kwa sababu bajeti imekwisha. Yaani kitu ambacho sauti yote ya nyumba itapita ndani yake kimenunuliwa mwisho, kwa chenji iliyobaki.

Zamani ungeweza kusamehewa. Katika mitambo ya analogi kila maiki ilikuwa na njia yake ya waya kutoka jukwaani. Maiki 32, njia 32 ndani ya kebo moja nene ya kubebwa na watu wawili. Njia moja ikikatika ulipoteza maiki moja, ukaichomeka kwenye njia nyingine, ibada ikaendelea. Leo sanduku la jukwaani linazigeuza sauti zote kuwa tarakimu na kuzipitisha kwenye kebo moja nyembamba. Ikikatika hiyo umepoteza kwaya, mhubiri, gitaa, kinanda na ngoma, vyote kwa pamoja. Hatari yote imehamia kwenye kitu chembamba, na hapo ndipo uangalifu wetu ulipotakiwa kuhamia.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mtambo unaipima sauti ya maiki mara 48,000 kwa sekunde, na kila kipimo kinaandikwa kwa biti 24. Zidisha: biti 1,152,000 kwa sekunde kwa maiki moja. Chaneli 64, yaani njia 64 za sauti, ni kama megabiti 74 kwa sekunde, bila kuhesabu anwani na vifungashio vya paketi, vile vifurushi vya data. Swichi ya kawaida ya gigabiti moja inabeba mzigo huo na nafasi inabaki. Kwa hiyo fundi akikwambia sauti inakatika kwa sababu "mtandao umejaa", mwombe aangalie tena. Mara nyingi sana ugonjwa uko kwenye saa.

Hapa naomba tutulie, maana ndiyo sehemu ambayo wengi wetu hatukufundishwa. Ndani ya kila kifaa cha kidijitali, mikisa, sanduku la jukwaani, amplifaya, kuna kipande kidogo cha fuwele kinachopiga mapigo ya kuhesabia zile mara 48,000. Hakuna fuwele mbili zinazolingana kabisa. Tuseme zinatofautiana kwa sehemu 20 tu katika milioni, tofauti ya kawaida kwa vifaa vizuri vya bei ya kati. Katika mara 48,000 hiyo ni karibu sampuli moja, yaani kipimo kimoja, kila sekunde. Sanduku la jukwaani limetuma sampuli moja zaidi ya mikisa inavyoweza kupokea, au limepungukiwa moja. Mwanzoni husikii kitu, kwa sababu kuna akiba ndogo ya kusubiria. Akiba ikishafurika au kukauka, spika inasema "tik". Baada ya muda, "tik" tena. Mwalimu wa kwaya anakugeukia, wewe unahangaika na maiki, na maiki haina kosa.

Ninyi wa ngoma mtanielewa haraka kuliko wengine. Wachezaji mnaweza kuwa hamsini na kila mmoja ana kengele mguuni, lakini anayeshika mwendo ni mpigaji mmoja na wote mnamfuata yeye. Mtandao wa sauti ni hivyo hivyo. Kifaa kimoja kinakuwa saa kiongozi, vingine vyote vinajirekebisha kumfuata, mara nyingi kwa sekunde. Utaratibu wake unaitwa PTP (Precision Time Protocol), chini ya kiwango cha IEEE 1588 kilichotoka kwanza mwaka 2002, na unaweza kuviweka vifaa katika tofauti isiyofika mikrosekunde moja. Vifaa vya Dante, mfumo mmojawapo wa sauti ya mtandao, vinachaguana kiongozi vyenyewe mnapowasha. Nawasihi msiviachie. Fundi amteue kiongozi mwenyewe, kwa kawaida sanduku la jukwaani au mikisa, kifaa ambacho hakizimwi katikati ya shughuli, na aandike jina lake kwenye karatasi iliyobandikwa pale kwenye kabati la mitambo.

Kwa kuwa nimeitaja Dante, niseme kidogo ilikotoka. Kupitisha sauti nyingi kwenye waya mmoja si jambo la jana: kiwango cha MADI kilitoka 1991, na CobraNet ikaanza kupitisha sauti kwenye Etheneti, mtandao wa waya wa kompyuta, mwaka 1996. Kampuni ya Audinate ya Sydney, Australia, ilianzishwa 2006 ikaleta Dante, ambayo inatumia swichi za kawaida za ofisini, na hilo ndilo lililoifikisha mpaka kwenye makanisa ya huku kwetu. Mifumo mingine, AVB na ndugu yake Milan, ni kazi nzuri sana, ila zinadai swichi maalumu zilizotengenezwa kwa ajili yake. Mwaka 2013 kikaja AES67, kiwango cha kuziwezesha familia mbalimbali kusikilizana. Inatosha.

Ila kuna kosa moja la kununua ninaloliona kila mahali, lazima nilitaje. Mikisa nyingi zilizoko kwenye makanisa yetu, zikiwemo Behringer X32, zina tundu la AES50. Linapokea kichwa kilekile cha kebo ya kompyuta, basi watu wanadhani ni mtandao. Wanachomeka kwenye swichi, hakuna kinachotoka, wanasema mikisa mbovu. AES50 inakwenda moja kwa moja kutoka kifaa hadi kifaa, chaneli 48 kila upande, na haipiti kwenye swichi hata siku moja. Tena inataka kebo yenye ngao, ule utando wa chuma unaozizunguka nyuzi, na vichwa vya chuma. Ukitaka mtandao wa kweli kwenye mikisa ya namna hiyo utaongeza kadi. Kabla hujalipa, mwulize muuzaji: tundu hili linazungumza lugha gani? Akijibu "ni ya LAN tu", yaani mtandao wa kompyuta, ondoka dukani.

Sasa swichi. Tangu 2010 kuna kiwango cha kuokoa umeme, IEEE 802.3az, na swichi nyingi za bei nafuu zinakuja nacho kimeshawashwa. Swichi ikiona mlango, yaani tundu la kuchomekea kebo, uko kimya kidogo inaulaza, paketi ikija inauamsha. Kwa barua pepe ni jambo jema kabisa. Kwa PTP ni balaa, kwa sababu ujumbe wa saa unatakiwa kufika kwa mpangilio uleule, na sasa mmoja unakuta mlango uko macho, mwingine unaukuta umelala. Niliitwa kwenye ukumbi mmoja ambako sauti ilionekana safi wakati wa mazoezi ya bendi, maana kishindo kiliifunika "tik", ikasikika mbovu kila mchungaji alipoanza kuomba peke yake, taratibu, akinyamaza katikati ya maneno. Walikuwa wamebadilisha maiki, kadi, na hata fundi. Tulikuta swichi ndogo ya plastiki isiyo na mahali popote pa kubadilishia mipangilio. Ikawekwa nyingine inayoweza kusimamiwa, uokoaji umeme ukazimwa, ujumbe wa saa ukapewa kipaumbele cha kwanza na sauti cha pili. Maombi ya siku ile yalikwisha salama. Bei ya swichi hiyo ni ndogo kuliko ya maiki mbili nzuri zisizo na waya.

Nije kwenye mawe yetu. Tunaujua mji huu na tunaupenda kwa mawe yake, lakini fundi wa umeme anayejua kazi atakwambia mwamba ni adui wa ethi, ile njia ya kupeleka umeme ardhini. Nondo ya ethi inataka udongo wenye unyevu. Ukiwa Bugando, Mabatini au Igogo unapiga nyundo mara chache unagonga mwamba. Matokeo yake, jukwaa linalolishwa na jenereta na meza ya fundi inayolishwa na TANESCO vinaweza kuwa na ethi mbili zisizolingana. Ukiviunganisha kwa kebo yenye ngao ya chuma, mkondo unaanza kupita kwenye ngao ile, na mnasikia ule mvumo mzito wa hezi 50 au, vibaya zaidi, tundu linaungua.

Halafu kuna radi. Ziwa hili ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi sana Afrika. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, upepo wa pande zote unaelekea ziwani, unakutana juu ya maji yenye joto na kupanda, na mawingu ya dhoruba yanajengeka humo. Wavuvi wetu wanalijua hilo kwa maisha yao. Ukumbi wa ufukweni wenye kebo ya shaba ya mita themanini iliyotandazwa nje, kutoka jukwaa la bustanini hadi chumba cha mitambo, umetega mtego. Si lazima radi iipige kebo. Ikipiga jirani tu, umeme wa kuchochewa unatosha kuua mlango wa mikisa.

Dawa ya yote mawili ni moja: faiba, kebo ya nyuzi za kioo inayopitisha mwanga. Kioo hakipitishi umeme. Ethi zako zikiwa mbili au tatu, faiba haijali. Radi ikipiga uwanjani, haipandi kupitia humo. Etheneti ya shaba inaishia mita 100, faiba inakwenda mamia ya mita na zaidi. Kebo ya faiba yenye nyuzi nne pamoja na vigeuzi vyake imeshuka bei mno, na kama ukumbi uko kwenye hatua ya kuchimba msingi, kuweka bomba la kuipitishia ni kazi ya siku moja. Baada ya zege kukauka mtavunja. Nawaomba wenye kumbi: siku mchoraji anapoleta ramani, mwiteni na fundi mitambo akae naye meza moja. Mabomba mawili, yapite pande mbili tofauti za jengo, moja njia kuu na jingine njia ya akiba. Vifaa vingi vya Dante vina matundu mawili kwa ajili hiyo hasa. Njia kuu ikikatwa, sauti inaendelea kwenye ya akiba bila msikilizaji kugundua. Lakini nimekuta kumbi ambamo kebo zote mbili zimefungwa pamoja kwa gundi ya karatasi na kupitishwa chini ya mlango mmoja. Kiti kimoja cha chuma kikikanyaga hapo, akiba imekufa pamoja na mkuu wake.

Umeme nitauzungumza kwa ufupi kwa sababu kila mmoja wenu ana makovu yake. Umeme ukikatika na jenereta ikashika baada ya sekunde kumi, spika zinarudi papo hapo, lakini swichi inaanza kujiwasha upya na inaweza kuchukua dakika nzima au zaidi, kisha vifaa vianze kuchaguana saa tena. Ukumbi mzima uko kwenye mwanga na hakuna sauti. Swichi na sanduku la jukwaani havili umeme mwingi. UPS ya kawaida ya kompyuta, kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, inavibeba. Weka UPS hapo kwanza, kabla ya kuiwekea kompyuta ya mhasibu.

Na kebo yenyewe, ile ya shaba, kwa mita zile fupi za jukwaani. Madukani zipo za aina mbili na kwa nje zinafanana: maandishi yaleyale, rangi ileile ya bluu. Moja ni shaba tupu, nyingine ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Chukua uzi mmoja, ukwangue kwa kisu. Ukibaki mwekundu mpaka ndani, ni shaba. Ukitokea weupe, rudisha. Aluminiamu inakatika ukiikunja mara chache, na jukwaani kebo hukunjwa kila wikendi. Unapobana kichwa, zile jozi zilizosokotwa usizifumue zaidi ya sentimita moja na kidogo. Msokoto ule ndio unaozuia kelele zisiingie, si urembo wa kiwandani. Panga rangi kwa mpangilio mmoja pande zote mbili: mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, bluu, mweupe-bluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Ganda la nje liingie ndani ya kichwa na libanwe na kile kijino, kebo ivutwe kwa ganda na siyo kwa nyuzi. Nikiona kichwa ambacho nyuzi nane zinachungulia nje bila ganda, najua hapo patakatika wiki mbili zijazo, na patakatika wakati wa kwaya ya akina mama.

Wifi ni ya kuongozea mikisa kwa tableti, basi. Sauti isipitishwe humo. Na hiyo wifi ya fundi iwe yake peke yake, kwenye masafa ya gigahezi 5, kwa sababu watu mia tano wakiingia na simu zao yale masafa ya 2.4 yanageuka soko la Kirumba. Kamera za ulinzi, kompyuta ya mapokezi na wifi ya wageni zisiguse swichi ya sauti.

Mtaniuliza faida iko wapi baada ya gharama yote hii. Nawapa mbili ninazozijali.

Ya kwanza ni usikivu wa watu wa nyuma. Chukua mkutano kwenye viwanja vya Furahisha. Sauti inakwenda kama mita 346 kwa sekunde kwenye joto letu la nyuzi 25. Ukisimamisha spika za nyongeza mita 50 kutoka jukwaani bila kuzichelewesha, mtu aliye karibu nazo anasikia neno kutoka kwenye spika hiyo, kisha milisekunde 145 baadaye analisikia tena kutoka jukwaani. Maneno yanapandana. Mama aliyetembea kutoka Kitangiri kuja kusikiliza anaondoka bila kushika hata sentensi moja. Kwa mtandao, kila kundi la spika unalipatia ucheleweshaji wake, kiasi chake na toni yake, kwa kebo moja, bila kukokota kebo nzito ya analogi kuvuka uwanja. Na kuchelewa kwa mtandao wenyewe, milisekunde moja hivi, ni sawa na kusogea sentimita 35 mbali na spika. Hakuna atakayelalamika.

Ya pili ni kumbukumbu. Mwezi wa sita, wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma pale Bujora, Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, wanacheza kwa wakati mmoja, na watu wanakimbilia upande unaowavuta zaidi. Kila mwaka mdundo ule unapigwa, unaisha, unabaki kwenye video za simu zenye sauti ya upepo na mluzi. Sanduku mbili za jukwaani, moja kila upande, faiba kati yake, na laptopu moja kwenye mtandao huo vinaweza kurekodi kila ngoma, kila filimbi na kila mwimbaji kiongozi kwenye njia yake pekee, vyote vikifuata saa kiongozi ileile. Maiki 32 zinajaza kama gigabaiti 16 na nusu kwa saa; diski ya terabaiti moja inabeba saa sitini. Wazee wanaojua nyimbo za zamani bado wako nasi, baadhi yao wamekaa humu ndani leo. Naomba kamati za utamaduni zisingoje mfadhili. Vifaa tayari viko makanisani na kumbini, vinalala kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa.

Nimalizie na fundi. Kijana aliyesoma umeme VETA pale Nyakato ana nusu ya elimu hii. Aliyepita kwenye mitandao ya kompyuta ana nusu nyingine. Mkutanisheni na mwalimu wa kwaya mwenye masikio, mlipeni mshahara wa mwezi na siyo soda na nauli, mpeni funguo za kabati la mitambo na muda wa kujifunza siku zisizo na shughuli. Ukumbi uliotumia mamilioni kwenye vifaa ukashindwa kumlipa anayeviendesha haujanunua mitambo bado.

Kwenye ile meza ya pembeni kuna kebo za aina zote mbili, visu, koleo za kubania, vichwa na vipimio. Kuna swichi mbili pia, moja ina uokoaji umeme umewashwa, nyingine umezimwa, na zote zimeunganishwa na spika ile ili msikie tofauti kwa masikio yenu. Mafundi mtaanza kwa kubana kebo ya mita tatu, kila mmoja ya kwake, tutaipima. Wenye kumbi na wachungaji, njooni nanyi. Nataka mkwangue waya kwa mikono yenu kabla hamjasaini oda nyingine yoyote. Wabeja sana.